Kukarabati nyumba ya karne ya 18 katikati ya Bordeaux: mwongozo kamili, kuanzia makaratasi hadi chokaa

Nyumba za zamani za Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, unazitambua kwa mbali: mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, madirisha marefu, roshani za chuma kilichofuliwa kwa mkono, na juu ya madirisha nyuso zilizochongwa, za miungu ya bahari, simba, wanawake wanaocheka. Nyingi zilijengwa, au zilivikwa uso mpya, baada ya msanifu Jacques Gabriel kuanza mwaka 1730 ule uwanja wa kifalme unaoitwa leo Place de la Bourse, na baada ya Tourny, mwakilishi wa mfalme kuanzia 1743 hadi 1757, kuupanga upya mji mzima. Fedha zilitoka kwenye mvinyo, kwenye sukari na kahawa ya Saint-Domingue (koloni la Ufaransa, leo Haiti), na kwenye biashara ya watumwa. Miaka ya 1780 meli za mji huu zilifika hadi pwani ya Msumbiji kutafuta watu wa kuwauza. Baadhi ya nyuso za Place de la Bourse ni za Waafrika.

Nyumba hizi hazijageuka makumbusho. Zinauzwa, zinarithiwa, zinagawanywa na kupangishwa. Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua moja, aliyeirithi, au fundi aliyeitwa kuifanyia kazi. Nimechagua Bordeaux kwa sababu karne ya 18 imejaa pale kuliko miji mingi, lakini sheria ni za nchi nzima. Utaratibu wa Nantes au Nancy ni huohuo, ila ramani na masharti ya kila mji ni yake.

Kabla ya yote, elewa kwamba kinachookoa fedha hapa ni mpangilio wa kazi. Anayeanza na jiko na rangi ataishia kulibomoa jiko hilo ili fundi afike kwenye boriti iliyooza nyuma yake.

Hatua ya 1: Jua nyumba inalindwa na nini hasa

Kuna ngazi tatu za ulinzi na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya mtaa. Sheria ya tarehe 4 Agosti 1962, inayojulikana kwa jina la waziri wa utamaduni André Malraux, iliruhusu kutengwa kwa maeneo ya kihistoria ndani ya miji. Eneo la Bordeaux lilitengwa mwaka 1967, likiwa na takriban hekta 150, na mpango wake ukapitishwa mwaka 1988. Tangu hapo umefanyiwa marekebisho. Sheria ya Julai 2016 iliyapa maeneo yote ya namna hii jina jipya, *site patrimonial remarquable*, eneo la urithi wa kipekee. Hati ya kuisoma inaitwa PSMV, yaani *plan de sauvegarde et de mise en valeur*, mpango wa kuulinda na kuuendeleza mtaa huo. Ndani ya mipaka yake inashika nafasi ya mpango wa kawaida wa mji, na ina jambo moja linalowashangaza wageni: inalinda hadi ndani ya nyumba. Ngazi ya mawe, mahali pa kuotea moto, mbao zilizochongwa ukutani, nakshi za plasta kwenye dari, sakafu ya zamani, vyote hivyo huwezi kuving'oa kwa sababu tu nyumba ni yako.

Ya pili ni ya ujirani. Jengo lililo jirani na mnara wa kihistoria, yaani jengo lolote lililoorodheshwa na serikali kama urithi, kwa kawaida ndani ya mita 500, linabanwa kwa sababu ya mnara huo hata kama lenyewe halina sifa yoyote. Hii inakuhusu zaidi ukiwa nje ya eneo la PSMV.

Ya tatu ni ya jengo lenyewe, kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 1913. Jengo linaweza kuwa *inscrit*, limeandikishwa, au *classé*, limewekwa kwenye ulinzi kamili, ambao ni mzito zaidi. Mara nyingine kilichoorodheshwa ni uso wa mbele na paa tu, au ngazi peke yake, kwa hiyo isome hati neno kwa neno.

UNESCO je? Bordeaux iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007, hekta 1,810. Hiyo ni heshima na shinikizo, lakini UNESCO haitoi vibali wala haikatazi dirisha lako. Usiwaandikie.

Majibu yote haya yanapatikana bure: ramani kwenye tovuti ya Géoportail de l'urbanisme, orodha ya minara kwenye hifadhidata ya Mérimée, na ofisi ya mipango miji ya manispaa. Omba pia karatasi ya jengo lako ikiwa mpango una karatasi za kila jengo. Humo ndimo utaona kama lile banda la uani ulilotaka kuligeuza chumba limeandikwa "libaki" au "libomolewe".

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kusaini

Sheria inamlazimisha muuzaji akupe ripoti kadhaa. Kwa nyumba ya umri huu muhimu ni ya madini ya risasi kwenye rangi (lazima kwa makazi yaliyojengwa kabla ya 1949), ya umeme na gesi, ya matumizi ya nishati, ya asbesto iliyoingizwa na matengenezo ya karne ya 20, na ya mchwa. Mchwa hapa si mzaha: mkoa wote wa Gironde umetangazwa rasmi kuwa na mchwa. Hawajengi vichuguu kama wa kwetu. Hupanda kimyakimya kutoka ardhini na kula moyo wa boriti, wakaacha ganda la rangi linalokutazama kana kwamba hakuna kilichotokea. Ripoti ya mchwa ni halali kwa miezi 6 tu, na mkaguzi haruhusiwi kubomoa, anaripoti anachokiona. Kwa hiyo ripoti safi isikupe usingizi. Chukua bisibisi, omba ruhusa, chokoa vichwa vya boriti pale zinapoingia ukutani, hasa chini ya bafu na karibu na mabomba ya maji ya mvua.

Kisha tazama kuta za pande mbili. Nyumba hizi ni nyembamba na zinashirikiana ukuta na jirani. Zimeegemeana tangu zilipojengwa. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 2021 nyumba mbili za rue de la Rousselle, mtaa wa zamani karibu na mto, ziliporomoka na watu wakaumia. Tangu hapo hakuna mtaalamu makini wa Bordeaux anayekagua nyumba moja bila kuuliza habari za nyumba mbili za ubavuni. Nawe uliza: nani amebomoa ukuta wa ndani, nani amechimba ghala la chini, jengo tupu la jirani ni la nani. Nyufa za zamani zenye vumbi na buibui ndani yake hazitishi kama ufa mwembamba, mweupe, uliotokea juzi.

Lipa msanifu au mhandisi wa majengo aje siku moja kabla hujasaini chochote. Sijaona fedha inayorudi haraka kuliko hiyo.

Ukinunua ghorofa moja ndani ya nyumba iliyogawanywa, unaingia kwenye *copropriété*, umiliki wa pamoja, chini ya sheria ya tarehe 10 Julai 1965. Paa, uso wa mbele, ngazi na boriti kubwa ni mali ya wote, na kazi zake hupigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Soma kumbukumbu za mikutano ya miaka mitatu iliyopita. Kama paa limekuwa likiahirishwa kila mwaka, unanunua deni.

Mkataba wa awali, *compromis*, ukishasainiwa, mnunuzi wa makazi ana siku 10 za kujitoa bila kueleza sababu. Mwombe *notaire*, mwanasheria anayesimamia mauziano, aingize sharti kwamba mauziano yanavunjika ukikosa kibali cha kazi unazokusudia. Gharama zake pamoja na kodi hufika takriban asilimia 7 hadi 8 ya bei.

Hatua ya 3: Fuata maji

Kabla ya kuchora chochote, nenda siku ya mvua. Anzia juu, shuka na maji.

Paa la nyumba ya kawaida ya Bordeaux ni la vigae vya udongo vyenye umbo la nusu bomba. Nyumba za fahari zina mawe meusi ya tabaka. Vigae hivi huteleza polepole miaka inavyopita, na maji huingia pale paa linapokutana na ukuta wa jirani au dohani. Angalia mifereji ya zinki, hasa ile iliyofichwa nyuma ya ukingo wa mawe. Ikiziba, maji hurudi ndani ya ukuta bila mtu kuyaona. Shuka na bomba la nje: jiwe lililobadilika kijani au lililoliwa nyuma ya bomba linakuambia bomba limepasuka muda mrefu.

Chini ni hadithi nyingine. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya ardhi ya majimaji karibu na mto Garonne, na mawe laini hunyonya unyevu kutoka ardhini. Hili ni la kawaida na nyumba ilijengwa ikilijua: ukuta ulinyonya, kisha ukapumua, maji yakatoka kupitia chokaa. Taabu ilianza pale mtu alipoupaka ukuta saruji au kumwaga zege sakafuni. Maji yalikosa njia, yakapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo ikaganda ndani ya jiwe na kulibandua ngozi. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hahitaji maelezo. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji zinalia vilevile.

Kwa hiyo mtu akija na sindano za dawa na bei kubwa ya "kukausha ukuta", mwambie asubiri. Tengeneza paa, mifereji na mabomba, bandua saruji, fungua matundu ya hewa ya ghala la chini, halafu uache ukuta upumue kwa misimu kadhaa. Ukuta mnene haukauki kwa mwezi.

Hatua ya 4: Mwone ABF ungali na penseli

ABF ni *architecte des Bâtiments de France*, msanifu wa serikali aliyeko kwenye ofisi ya mkoa ya majengo na urithi, chini ya wizara ya utamaduni. Ndani ya eneo lililolindwa idhini yake inamfunga meya: akikataa, meya hawezi kukupa kibali. Watu wengi humwogopa na kumpelekea michoro iliyokamilika, wakitumaini atachoka kuisoma. Hilo ni kosa la gharama. Ofisi hiyo hupokea wananchi kwa miadi, bure, na mazungumzo ya mapema juu ya mchoro wa penseli yanaweza kukuepusha na mizunguko ya miezi.

Nenda na picha za mtaa mzima, picha za kila upande wa nyumba, za ndani pia, vipimo vya hali ilivyo sasa, na mpango wako kwa maneno machache. Uliza maswali mahususi: dirisha hili naweza kuliwekea kioo mara mbili? Lifti ikae wapi? Mashine ya kupoza hewa (jibu karibu daima: isionekane kutoka barabarani)? Andika majibu yake, kisha mtumie kwa barua pepe kama kumbukumbu ya kikao.

Hatua ya 5: Peleka maombi na usubiri

Kazi ndogo, kama kubadili madirisha, kusafisha uso wa mbele, au kugusa vitu vya ndani vinavyolindwa, huombewa kwa *déclaration préalable*, tamko la awali. Kazi kubwa, kama kuongeza jengo au kugeuza matumizi pamoja na kugusa mihimili, huhitaji *permis de construire*, kibali cha ujenzi. Muda wa kawaida ni mwezi 1 kwa ya kwanza, na kwa ya pili miezi 2 kwa nyumba ya familia au 3 kwa mengine. Eneo likilindwa, ongeza mwezi 1. Saa huanza kuhesabu faili likikamilika, siyo siku ulipolipeleka. Jengo likiwa *classé*, kibali ni cha njia tofauti, kupitia *préfet de région*, mwakilishi wa serikali kuu katika kanda.

Ukikataliwa kwa sababu ya ABF, una miezi 2 ya kukata rufaa kwa *préfet de région*. Ukikubaliwa, bandika ubao wa kibali mahali panaposomeka kutoka barabarani: majirani wana miezi 2 ya kupinga tangu ubao ulipowekwa. Piga picha za ubao huo zenye tarehe. Kuanza kazi kabla ya muda huo kuisha ni kucheza kamari.

Na kuanza bila kibali? Sheria ya mipango miji inaanzia faini ya euro 1,200 na inaweza kufika 300,000, na mahakama inaweza kuamuru urudishe kila kitu kilivyokuwa. Kurudisha nakshi ya plasta iliyovunjwa ndiko kunakouma zaidi.

Hatua ya 6: Panga fedha kabla ya mafundi

Punguzo la kodi la Malraux linazungumzwa sana na kueleweka kidogo. Ni kwa mwenye nyumba anayepangisha bila samani kwa angalau miaka 9; anayeishi mwenyewe humo halimhusu. Pale PSMV imepitishwa, ni asilimia 30 ya gharama za kazi, na kiwango cha juu cha gharama zinazohesabiwa ni euro 400,000 ndani ya miaka 4. Nyumba iliyoorodheshwa kama mnara ina utaratibu wake wa kupunguza gharama kwenye mapato, ila uahidi kuimiliki miaka 15. Fondation du patrimoine, taasisi ya kutunza urithi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1996, hutoa alama ya utambuzi inayoweza kumpunguzia kodi hata anayeishi mwenyewe, lakini iombe kabla kazi haijaanza, ukishaanza, umechelewa. Kodi ya ongezeko la thamani kwa ukarabati wa makazi ni asilimia 10 badala ya 20.

Kisha weka akiba. Nyumba ya umri huu ikifunguliwa huonyesha mambo ambayo ripoti haikuyaona. Mimi nisingeanza nikiwa na chini ya asilimia 15 hadi 20 ya ziada mkononi.

Mafundi: tafuta msanifu aliyesomea urithi (wengi wamepitia École de Chaillot mjini Paris), na mwashi atakayekupeleka kuona ukuta alioutengeneza miaka mitano iliyopita, siyo wa mwezi jana. Dai cheti cha bima ya *décennale*, inayomfunga kwa miaka 10, na uhakikishe kimeandika kazi hiyohiyo unayompa. Wa vigae vya bafuni hana bima ya kuchonga mawe.

Hatua ya 7: Kazi yenyewe, kwa zamu yake

Kwanza miegamo, pale mhandisi aliposema. Pili paa na mifereji. Tatu boriti: kichwa kilichooza hukatwa na kuunganishwa kipande kipya cha mwaloni, ile nyingine nzima ikabaki. Kubadilisha dari yote kwa zege huongeza uzito ambao kuta na udongo wa hapa havikuutarajia.

Nne, jiwe. Jiwe la Bordeaux ni laini, limejaa mabaki ya viumbe wa baharini, na linapokauka hujijengea ngozi ngumu juu. Ngozi hiyo ndiyo koti lake. Anayelipiga kwa mchanga wa nguvu au kulisugua kwa diski ya umeme analivua koti, na baada ya miaka michache uso utakuwa unga. Weusi uondolewe kwa ukungu wa maji, kwa unga laini wenye msukumo mdogo, au kwa kubandika udongo maalumu. Jaribio lifanyike kwanza pembeni na ABF aone. Jiwe lililokufa hutolewa na kuwekwa jingine la aina ileile, kwa kina cha kutosha, siyo kibandiko chembamba. Uso uliochongwa ukiwa umeliwa pua, mara nyingi ni bora ubaki bila pua kuliko kuchongewa sura mpya ya kubahatisha. Na zile sura ambazo historia yake inauma zibaki pia.

Viungo vya mawe vijazwe kwa chokaa na mchanga wa eneo hilo, mchanganyiko ulio laini kuliko jiwe, ili unyevu upite kwenye kiungo na kiungo ndicho kiharibike kwanza. Chokaa haipendi haraka: usifanye kazi chini ya nyuzi 5, linda ukuta na jua kali, nyunyizia maji, acha kila tabaka likomae.

Tano, madirisha. Mbao za mwaloni za karne ya 18 zikitunzwa hudumu kuliko dirisha lolote la dukani. Badilisha sehemu ya chini iliyooza, weka mpira mwembamba wa kuzuia upepo, rudishia vifuniko vya mbao vya ndani, na ukitaka joto zaidi ongeza dirisha la pili kwa ndani. Plastiki usiiombe. Rangi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu. Madini ya risasi yaliyomo ni sumu, hasa kwa watoto.

Kuhusu joto: hami paa kwanza, kwani ndiko joto linakopotea kwa wingi na hakuna nakshi ya kuharibu. Kwenye kuta tumia vitu vinavyopitisha mvuke, kama nyuzi za mbao na lipu ya chokaa, na palipo na mbao zilizochongwa acha. Tangu Januari 2025 nyumba ya daraja G la nishati, la chini kabisa kwenye ngazi ya A hadi G, haipangishwi kwa mkataba mpya, na F itafuata mwaka 2028. Ikiwa kazi ya kuipandisha daraja ilikataliwa kwa sababu za urithi, ihifadhi barua ya kukataliwa kama dhahabu, sheria inaitambua.

Umeme, mabomba, jiko na rangi huja mwisho. Pitisha nyaya kwenye dohani zisizotumika na nyuma ya mbao za chini ya ukuta badala ya kuchimba jiwe.

Hatua ya 8: Funga faili

Kazi ikiisha, peleka manispaa tamko la kumaliza, DAACT. Katika eneo lililolindwa ukaguzi ni wa lazima, na utawala una miezi 5 kukuambia kama ulifuata kibali. Ulichobadilisha njiani bila kuomba kitaonekana siku hiyo, kwa hiyo mabadiliko yaombewe kibali cha marekebisho wakati mafundi wangali kazini.

Tunza pamoja picha za kabla na baada, ankara, vyeti vya bima, aina ya chokaa na jina la machimbo ya mawe yaliyotumika. Kila vuli, majani yakishaanguka, panda au mpandishe mtu asafishe mifereji.